Watamu, Kizimkazi au Kigomasha? Kuchagua pwani ya mawe kwa anayependa kutembea

Likizo ya Desemba ikikaribia, jamaa na marafiki huniuliza swali lile lile: tuna siku nne au tano, tunaitaka bahari, lakini hatutaki kulala chini ya mwavuli kutwa nzima. Tunataka majabali, mapango, vijia vya msituni, na mahali pa juu pa kusimama tuione pwani inavyopinda hadi inapopotea machoni. Twende wapi?

Majina matatu ndiyo yanayorudi katika mazungumzo hayo: Watamu, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, Kizimkazi na Makunduchi, kusini kabisa mwa Unguja, na Kigomasha, rasi ya kaskazini-magharibi ya Pemba. Nimetembea kote kutatu zaidi ya mara moja, kwa hiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye bado anasitasita.

Jiwe ni moja kote huko. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji wakati ule ndiyo jiwe kavu, lenye ncha kali, unalolikanyaga sasa. Mawimbi hulila kwa chini, ndiyo maana utaona visiwa vidogo vilivyosimama kama uyoga, shina jembamba na kichwa kipana chenye majani juu. Namna upepo na maji vinavyolipiga jiwe hilo, na namna watu wanavyoishi juu yake, ndiko kunakozitenganisha pwani hizi.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo sita: bahari ikoje katika kipindi unachokwenda, fukwe zenyewe, njia za miguu, mahali pa kutazamia mandhari, usafiri na gharama, na maisha ya wenyeji utakaokuwa mgeni wao. Nimeanza na bahari kwa makusudi, kwani naona wasafiri wengi wanaorudi wamevunjika moyo hawakukosea mahali. Walikosea wiki.

Mwezi na upepo

Watu huchagua pwani kwa picha. Mimi nawasihi waanze kwa kutazama mwezi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari iko kwenye bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Siku hizo, kwenye pwani yetu, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa mnamo saa 10 alasiri. Juma moja baadaye ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na maji hujaa asubuhi badala ya kupwa. Kati ya siku na siku, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiyajua haya tu, tayari umeshapanga nusu ya safari yako. Anayetaka kutembea chini ya majabali, kuingia mapangoni na kufika mwambani, aende wakati wa bamvua na atoke asubuhi. Anayetaka kuogelea asubuhi na watoto, aende wakati wa maji mafu.

Watamu hubadilika sana kwa bamvua. Maji yakitoka, unavuka kwa miguu hadi kwenye visiwa vya mawe vilivyo ghubani, na mchanga uliokuwa umefunikwa hujitokeza kama ulimi mweupe katikati ya bahari. Makunduchi na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, maji huenda mbali kiasi kwamba ukitaka kuogelea utatembea hadi uchoke. Mahali pake unapata uwanja mkubwa wa madimbwi, mashamba ya mwani na akina mama wanaochokoa pweza. Kizimkazi, iliyoelekea kusini-magharibi, haikauki vile. Kigomasha ina sura mbili: ufuko wa Vumawimbi upande wa mashariki ya rasi, na Verani upande wa magharibi, ambako bahari hushuka haraka kuelekea kwenye kina cha mkondo wa Pemba.

Halafu upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kusi hushika tangu Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi huichafua bahari ya Watamu na ya Makunduchi na kutupa majani ya bahari ufukweni kwa marundo. Kaskazi, nayo, huipiga Vumawimbi, na jina la ufuko huo limekwisha kukueleza. Verani imejificha nyuma ya rasi na hupata nafuu katika pepo zote mbili. Kipindi ninachokipenda kwa pwani zote tatu ni maleleji ya Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana zamu na maji yanapokuwa maangavu, ingawa vuli yaweza kukunyeshea. Masika, hasa Aprili na Mei, vijia vya msituni huwa tope tupu.

Jambo moja zaidi kuhusu maji, nalo ni zito. Siku moja, karibu na Makunduchi, nilikuwa nikitembea chini ya majabali, na bibi mmoja aliyekuwa akirudi na pweza wake begani akaniambia, “Mwanangu, ukituona wanawake tunarudi, nawe rudi.” Nilimshukuru nikaendelea, nikidhani bado ninayo nusu saa. Maji hayakuja kutoka mbele yangu nilikokuwa nikitazama. Yalipitia mfereji ulio nyuma, kati yangu na nchi kavu. Nilitoka yakiwa kiunoni, mikono imechanwa na jiwe. Tangu siku hiyo nikiwaona wavuvi wa pweza wanageuka, nageuka nao, hata kama mahali ninapopataka nimeshapaona kwa macho.

Fukwe

Watamu ina ghuba kadhaa zilizopangana, zikitenganishwa na vichwa vya mawe. Mchanga ni mweupe na laini, na sehemu ya bahari yake ni hifadhi tangu 1968, mojawapo ya hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Ndiyo maana hata kwenye maji ya kifuani, ukiwa na miwani ya kuzamia tu, unaona samaki wa rangi zote. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizi, na kwa miaka mingi sasa kuna kazi nzuri ya kuwalipa wavuvi fidia ndogo ili kasa aliyenaswa na nyavu aachiwe badala ya kuchinjwa. Dosari ya Watamu ni watu. Katika msimu wa wageni vijana wa ufukweni watakufuata wakikuuzia safari za boti, vinyago na mengineyo. Jibu la upole, la Kiswahili, lenye salamu kwanza, hufungua njia vizuri.

Kusini mwa Unguja fukwe za Kizimkazi ni ndogondogo, zimebanwa na majabali mafupi, na ghuba ya Dimbani imejaa ngalawa na mashua. Ni ufuko wa kazi, na mimi naupenda kwa hilo. Mchanga mrefu uko Jambiani na Paje.

Vumawimbi ni kilomita kadhaa za mchanga wenye msitu nyuma yake, na mara nyingi utakutana na wavuvi wachache na ng'ombe kuliko wageni. Hakuna kivuli cha duka, hakuna soda baridi. Kwa uzuri mtupu, ndio ufuko unaonirudia ndotoni.

Njia za miguu

Watamu ndiyo inayotoa aina nyingi za matembezi kwa umbali mdogo. Kwenye hori la Mida kuna daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko, likiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege; kiingilio chake husaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya hori na msitu. Daraja hilo hucheza chini ya miguu, mwenye kizunguzungu ajue mapema. Kilomita chache kutoka hapo ni magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia 2024. Vijia vyake ni tambarare na vina kivuli, vikipita kati ya misikiti, visima na jumba la mfalme lililokumbatiwa na mizizi. Na ng'ambo ya barabara kuu ya Malindi unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi. Huko ndani kuna tembo, kwa hiyo usiingie bila mwongozaji. Ukichukua mwongozaji mzuri alfajiri, atakuonyesha sange mwenye kiuno cha dhahabu akichakura majani makavu, mnyama asiyepatikana ila kwenye misitu hii michache ya pwani ya Kenya.

Kusini mwa Unguja matembezi yenyewe ni ya ufukweni, tena mazuri. Kutoka Jambiani hadi Paje wakati wa maji kupwa ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, ukipita mashamba ya mwani yenye vijiti na kamba zilizonyooka kama mistari ya daftari. Jambiani kuna pango la Kuza, lenye maji baridi na maangavu ndani yake. Ukitaka kivuli, Jozani iko njiani kutoka mjini: msitu wa kima punju, ambao hawapatikani popote duniani nje ya Zanzibar, na daraja la mbao la mikoko lililo imara kuliko lile la Mida. Majabali ya maweni kati ya Kizimkazi na Makunduchi hayana njia iliyotengenezwa. Jiwe hilo hukata hata soli, kwa hiyo nenda na mwenyeji.

Kigomasha ina msitu wa Ngezi, kipande kilichobaki cha msitu uliokuwa umeifunika Pemba kabla ya mikarafuu. Barabara ya kutoka Konde hupita katikati yake. Mwongozaji huchukuliwa kwenye ofisi ya msitu, na ukiomba matembezi ya usiku utasikia komba wakilia juu ya vichwa na bundi mdogo wa Pemba akijibu. Popo wa Pemba, mkubwa mwenye manyoya mekundu, naye hapatikani pengine duniani. Lakini tembezi ninalolipendekeza kuliko yote katika makala hii ni hili: maji yakiwa yametoka, anza Vumawimbi asubuhi, fuata ukingo hadi ncha ya rasi, kisha teremka upande wa Verani. Beba maji ya kutosha, kwani hakuna pa kununua. Unaanza na jua usoni na bahari inayovuma. Unamaliza kwenye maji tulivu upande wa pili, na katikati kuna mnara.

Mahali pa kutazamia

Hapa pwani zetu hazina majabali ya mamia ya mita, na anayetarajia hayo atajisumbua bure. Uzuri wake uko katika kuona mbali juu ya kitu kilicho tambarare.

Mnara wa taa wa Kigomasha, wa chuma, ulijengwa 1900. Ukimwomba mlinzi kwa adabu na kumpa chochote, atakufungulia upande ngazi zake nyembamba. Juu yake unaona kwa mgeuko mmoja wa shingo mashariki na magharibi: mawimbi meupe ya Vumawimbi, msitu wa Ngezi mweusi kwa ukijani, na mkondo wa bluu nzito kuelekea bara. Jua huchomoza baharini na kuzama baharini. Sijapata mahali pengine kwenye pwani hizi tatu panapotoa yote mawili.

Watamu, jua huchomoza baharini, na kwa machweo unarudi nyuma hadi hori la Mida, ambako wanakijiji wa Dabaso wamejenga daraja na mkahawa juu ya mikoko. Kaa hapo na sambusa za kaa uone maji yakigeuka shaba. Ndani ya Arabuko-Sokoke kuna kilima cha Nyari, ambako unatazama msitu mzima ukishuka kuelekea baharini. Gede nako kuna jukwaa la mbao juu ya mti linaloyatazama magofu kwa juu.

Kizimkazi ndiyo dhaifu zaidi katika kigezo hiki. Jabali la Dimbani jioni, mashua zikirejea, ni pazuri, ila ni mita chache tu juu ya maji.

Usafiri na gharama

Watamu ni rahisi kufika. Kutoka Nairobi unapanda treni hadi Mombasa, au ndege hadi Malindi. Kutoka Mombasa matatu za Malindi hukushusha Gede, na hapo tuktuk au bodaboda inakumalizia safari. Malazi yapo ya kila mfuko, na chakula pia, kuanzia mahamri na mbaazi hadi aiskrimu za Kitaliano, maana Waitaliano wameishi hapa miaka mingi na wenyeji wengi huzungumza lugha yao. Ukipanda boti kuingia hifadhini utalipa kiingilio, nacho hakipokelewi kwa fedha taslimu.

Kizimkazi ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Mji Mkongwe, zaidi kidogo kwa daladala. Kwa aliyetoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, anaweza kulala Kizimkazi siku hiyo hiyo. Nyumba za wageni ni nyingi, za Jambiani hasa.

Kigomasha inadai subira. Boti za Pemba hufika Mkoani, kusini, au Wete. Ndege hutua karibu na Chake Chake. Kisha gari hadi Konde, na kutoka hapo bodaboda kupita Ngezi. Malazi ya rasini ni machache na mengi ni ya bei ya juu. Mwenye mfuko wa kawaida hulala Wete au Konde na kwenda kila siku. Toa fedha zako Chake Chake. Kuhusu boti, nasema kwa uzito: mkondo wa Nungwi ni mkali wakati wa kusi, na Wapemba hawajasahau Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama huko ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Chombo kilichofurika usikipande, hata kama ndicho cha mwisho siku hiyo.

Wanaovuka mpaka kati ya Kenya na Tanzania wabebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kuishi na wenyeji

Pande zote tatu ni vijiji vya watu, na wengi wao ni Waislamu. Watamu imezoea wageni kiasi cha kukustahimili. Pemba haijazoea, na ukarimu wake ni mkubwa zaidi kwa hiyo. Nguo ya kuogelea iishie ufukweni, kanga au shuka iwe mkobani. Ramadhani kula hadharani mchana Unguja na Pemba hakufai. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, na bado watu wanasali ndani yake. Omba ruhusa, vua viatu, jifunike.

Kizimkazi pia ndiko wanakokwenda kuwatazama pomboo, na hapa moyo unaniuma. Nimeona boti kumi zikilizingira kundi moja, wageni wakirukia majini juu yao. Ukienda, kubaliana na nahodha kabla ya kulipa: akae mbali, azime mashine, asiwakatie njia. Manahodha wa namna hiyo wapo, na tukiwachagua hao watazidi kuwapo. Na popote uendapo, kombe liache mchangani, usilinunue wala kulibeba.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo, au iliyo na mzee asiyependa ngazi: Watamu, wiki ya maji mafu, Januari au Februari. Asubuhi kuogelea, alasiri Gede, jioni Dabaso.

Mwenye siku mbili au tatu tu, ambaye tayari yuko Dar es Salaam au Mji Mkongwe: kusini mwa Unguja. Pitia Jozani njiani, lala Jambiani, maliza Kizimkazi. Ukiweza kwenda Julai wakati wa Mwaka Kogwa, Makunduchi itakupa sherehe ambayo hutaiona kwingine, ingawa kusi itakuwa kali.

Mtembeaji hasa, anayefurahia kutokutana na mtu saa nzima, mwenye usiku nne na zaidi: Kigomasha, Oktoba au Novemba, bamvua ikiwezekana. Asiyejaliwa subira na usafiri asiende huko kwa haraka. Siku mbili zitaishia barabarani na bandarini.

Mpenda ndege na wanyama atagawanyika kati ya Watamu na Pemba. Akitaka aina nyingi kwa siku chache, Watamu. Akitaka viumbe vya kisiwa kimoja tu duniani, Ngezi.

Asiyeweza kupata likizo ila Julai hadi Septemba asikate tamaa kwa sababu ya kusi. Watamu, ndiyo miezi ya nyangumi kupita karibu na pwani, na siku za utulivu boti hutoka kuwatazama kwa mbali. Verani nayo itakuwa na maji ya kuogelea.

Na kama tarehe zako zimeshafungwa na mahali bado hujaamua, toka nje usiku uutazame mwezi, uhesabu siku hadi safari. Ukikuta utafika kwenye bamvua, nenda Kigomasha, au Makunduchi kama muda ni mfupi, ukiwa na viatu vya soli nene, kwa ajili ya jiwe na kwa ajili ya wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu. Ukikuta ni maji mafu, nenda Watamu na miwani ya kuzamia.